Kuanguka kwa Samaria: Funzo kwa Mwenye Mizani

Ndugu msomaji, mtu akiingia katika dini, jamaa zake humwuliza: "Umeacha mila ya babu zako, sasa wewe u wa nani?" Swali hili ni zito, hasa katika vijiji kama Kilimarondo, ambako mtu hujulikana kwa ukoo wake. Basi tutazame habari za taifa lililojivunia ukoo likasahau haki.

Baada ya kufariki Nabii Suleiman a.s., yapata mwaka 930 kabla ya Masihi, ufalme wa Bani Israili uligawanyika. Makabila kumi yalijitenga upande wa kaskazini, na baadaye Samaria ikawa mji wao mkuu. Wakubwa walijenga majumba ya mawe na kuyapamba kwa pembe za ndovu. Ndipo alipotokea Amosi, mchungaji wa Tekoa, akawaonya kwamba wanapunguza vipimo, wanadanganya katika mizani, na wanamwuza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Kuhani wa Betheli akamwamuru arudi kwao Yuda.

Haukupita muda mrefu. Waashuru waliizingira Samaria kwa miaka ipatayo mitatu, na mwaka 722 kabla ya Masihi ikaanguka. Mfalme Sargoni wa Pili aliandika kwamba alichukua mateka zaidi ya 27,000. Wakahamishiwa pande za mto Habori na miji ya Wamedi, na wageni wakaletwa kukaa mahali pao.

Tangu hapo makabila hayo yametafutwa kila upande wa dunia, hata huku Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Rabi Ovadia Yosef alitoa hukumu kuwa Beta Israel, Wayahudi wa Ethiopia, ni kizazi cha kabila la Dani. Na mwezi Mei 1991 zaidi ya watu 14,000 miongoni mwao walichukuliwa kwa ndege kutoka Addis Ababa hadi Israeli katika muda wa siku mbili. Wanahistoria wengi hawaikubali nasaba hiyo. Miaka zaidi ya 2,700 imepita, na ukoo ungali unabishaniwa. Bali onyo la yule mchungaji halihitaji shahidi, kila aliyewahi kupunjwa analielewa.

Kurani Tukufu nayo, katika Sura ya 83, inaanza kwa kuwatisha wapunjao vipimo. Na katika Sura ya 49 inafundisha kuwa makabila yamewekwa ili watu wajuane, na mbora ni amchaye Mungu zaidi.

Basi ewe uliyeingia karibuni, usihangaike kutafuta nasaba ya kujitukuzia. Jirani akikuletea ufuta au korosho zake, mpimie kwa haki hata kama hajui kusoma mizani. Hapo jamaa zako watajua wewe u wa nani.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa miongoni mwa wasikiao onyo kabla ya kuzingirwa. Amin.