Dalali Ndiye Daftari

Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukisimama katika soko la mifugo la Garissa, Kenya, utajiuliza daftari lenyewe liko wapi. Fahali aliyeswagwa kwa miguu kutoka pande za Afmadow, ng'ambo ya mpaka wa Somalia, ananunuliwa na mtu asiyemjua kabisa mwenye mali. Kati yao yupo dalali, Wasomali humwita dilaal. Anamfahamu muuzaji na ukoo wake, na chapa ya mnyama anaisoma. Akisema ng'ombe huyu si wa wizi, ameweka jina lake rehani. Mwenyewe akitokea kesho kumdai ng'ombe wake, atakayeulizwa ni dalali.

Dola la Somalia lilipoanguka mwaka 1991, mtu angetarajia biashara hii ife. Peter Little, msomi wa Marekani aliyeuchunguza mpaka huo kwa miaka mingi, alikuta kinyume chake: ng'ombe wa Somalia waliofika Garissa waliongezeka. Kitabu chake cha mwaka 2003 kinaonyesha jinsi madalali, wadhamini na watuma pesa wa hawala walivyoshika kazi ambazo kwingine hufanywa na mahakama na benki.

Hussein Mahmoud, msomi Mkenya, naye aliwafuata wafanyabiashara wa kaskazini na mwaka 2008 akaandika juu ya imani inayowabeba katika hatari. Mmoja hununua mifugo huku, mwenzake hupokea na kuuza Nairobi, na mara nyingi nyama huliwa kabla pesa hazijalipwa. Akiba ya mtu kama huyo ni mwenzake. Akimpata mbaya, amefilisika.

Hata elimu ya setilaiti ililazimika kupita mlango huohuo wa kuaminiana. Andrew Mude, mchumi Mkenya, aliongoza bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010: picha za angani hupima ukijani wa malisho, yakikauka kupita kiasi mfugaji hulipwa, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Bima ilipofika Wajir mwaka 2013 ilikuja kwa njia ya takaful, yaani kudhaminiana kwa mujibu wa sharia, na Machi 2014 wafugaji wakalipwa. Kwa kazi hiyo Mude alipata tuzo ya Borlaug mwaka 2016. Mzee wa sokoni angemwambia: umeleta kipimo kipya, mdhamini ni yuleyule.

Tusiusifu mfumo huu kupita kiasi. Dhamana ya ukoo humfungia nje asiye na ukoo, na mjane asiye na wa kumsemea huuza mbuzi wake kwa bei ya kuonewa. Busara ya wazee ina deni hapo, na vijana ndio watakaolilipa.

Kijana anayetoka chuoni na shahada ya biashara, akitafuta kazi mjini Garissa, huwa anauliza mtaji atautoa wapi. Na akae kwanza sokoni, chini ya dalali mzee. Ajifunze kusema "mnyama huyu ana kasoro" mbele ya mnunuzi aliyekwisha kutoa pesa mfukoni. Faida ya siku hiyo itampita. Lakini ng'ombe huuzwa mara moja akapakiwa kwenye lori. Jina la aliyemdhamini hurudi sokoni kila siku ya soko, na watu hulisoma.