"Ajali haina kinga" si hoja ya Muislamu mwenye usukani

  

Ndugu Waislamu, wiki hii naomba tuzungumzie taa za gari. Najua wapo watakaogeuza ukurasa wakisema leo shehe amekosa mada. Nawaomba wasubiri, maana jambo hili lilikaribia kuniua, na lingeniua nikiwa njiani kutoka kuzika.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, msimu wa korosho. Nilitoka Masasi kwenda Newala kwenye msiba, nikiendesha gari ndogo ya kuazima, yale magari ambayo vijana wa mjini wanayaita "bebi woka". Rangi yake ilikuwa ya fedha. Nasema ilikuwa, kwa sababu tulipofika Newala ilishageuka rangi ya udongo wa kule, wekundu mtupu, vioo kwa taa. Tukazika, tukaomba dua, na baada ya Alasiri tukaondoka mimi na mzee mmoja jirani yangu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mbele yetu lori lilikuwa linatimua vumbi, nami nilitaka kulipita ili niwahi Maghrib Masasi. Taa sikuwasha. Hoja yangu ilikuwa kwamba bado kuna mwanga na ninaona vizuri.

Nikaingia ndani ya lile vumbi. Katikati yake likatokea lori jingine, linakuja usoni kwangu. Dereva wake alilipeleka kwenye kingo ya barabara, mimi nikaishia vichakani upande wa pili. Alishuka kijana mwembamba, anatetemeka mikono. Alisema maneno matatu tu: "Shehe, wallahi sikukuona."

Mzee niliyekuwa naye akasema, "Alhamdulillah. Ajali haina kinga, mwanangu." Nami nikaitikia. Lakini usiku ule usingizi haukuja. Nilijiuliza, lau tungekufa pale, watu wangesema nini kwenye maziko yetu? Wangesema kazi ya Mungu haina makosa. Hakuna hata mmoja ambaye angeuliza kwa nini swichi ya taa ilikuwa imezimwa.

Ndugu zangu, hapa ndipo tunapokosea. Kuamini qadar ni nguzo ya imani, na asiyeamini hilo hana imani. Lakini sisi tumeigeuza qadar kuwa mahali pa kuficha uzembe wetu. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari, akiwa mahali panapoitwa Sargh, kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.), mtu mkubwa katika Masahaba, akamuuliza kama anakimbia qadar ya Allah. Umar akajibu kuwa ndiyo, wanaikimbia qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, moja lina majani na jingine kavu: popote atakapowalisha, atawalisha kwa qadar ya Allah. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Basi dereva anayewasha taa na dereva asiyewasha, wote wamo ndani ya qadar. Tofauti yao ni kwamba mmoja amepeleka ngamia wake kwenye majani.

Na yule mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, akidai anamtegemea Allah, Mtume (S.A.W.) alimuelekeza amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Hadithi hii kaipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.). Sisi tuna ngamia wa chuma, na kumfunga kwake kuna namna nyingi.

Tukumbuke kuwa kuona ni jambo moja na kuonekana ni jambo jingine. Mwenye gari ndogo anachanganya haya mawili kila siku. Yeye anaona, kwa hiyo anadhani anaonekana. Vitz tupu ina uzito wa karibu tani moja, na paa lake halifiki hata kioo cha dereva wa lori. Yule dereva amekaa juu, boneti au kichwa cha lori kinamficha kilichopo karibu mbele yake, na ubavuni kwake, hasa upande wa kushoto ambao hakukaa, gari ndogo inaweza kupotea kabisa. Madereva wazoefu wana kipimo chepesi: tazama kioo cha pembeni cha lori. Kama huuoni uso wa dereva katika kioo chake, jua naye hakuoni. Hapo usikae. Ama rudi nyuma, ama pita kama njia ni nyeupe, lakini usitembee ubavuni mwake kama mke mwenza.

Kisha kuna vumbi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaokwenda nyumbani kusini kwa Idi au msiba wamezoea lami mwendo mrefu, kutoka Kibiti, Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, Lindi, Mingoyo hadi Masasi. Wakiacha lami na kuanza kupanda uwanda wa Makonde, wanaendelea na tabia zilezile za lami. Barabara ya vumbi ina sheria zake. Lori likitimua vumbi mbele yako, usilifuate kwa karibu, kaa nyuma mpaka uone barabara mbele ya boneti yako. Usilipite ukiwa ndani ya vumbi, hata kama dereva wake amekupa indiketa, maana yeye anaona mbele na wewe huoni. Washa taa za mbele, mwanga wa chini ule mnaouita dimu, mchana kweupe. Taa ndogo za kuegeshea hazitoshi, hazivuki hata mita chache za vumbi. Na kabla ya kuondoka popote, chukua kitambaa na maji kidogo, futa taa za mbele na za nyuma. Najua maji ya Newala yana thamani, watu wa uwanda wa juu wanalijua hilo kuliko mimi, lakini kikombe kimoja kinatosha taa zote nne.

Rangi nayo ina neno. Tunapenda rangi ya fedha na ya majivu kwa sababu haionyeshi uchafu. Kwa hakika haionyeshi hata gari. Wakati wa magharibi, au katika ukungu wa asubuhi za baridi unaopanda kutoka bonde la Ruvuma na kufunika ukingo wa Newala mpaka Shimo la Mungu usilione, gari la rangi hiyo linamezwa. Siwaambii mkauze magari. Nawaambia bandikeni viakisi mwanga, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ambavyo bei yake ni ndogo mno. Ukungu ukiwa mzito usiwashe taa kali, mwanga wake unarudi machoni mwako mwenyewe. Na ule mtindo wa kutembea huku hazadi zinawaka kila mvua inaponyesha, nauona kama ujinga uliopata wafuasi. Gari likiwasha hazadi, watu hudhani limesimama, na ukitaka kukata kona hakuna atakayejua unaelekea wapi.

Kuhusu mwendo, tuna mafunzo ambayo hatuyapeleki barabarani. Katika Hijja ya kuaga, watu walipoondoka Arafa kwa maelfu, Mtume (S.A.W.) alisikia nyuma yake kelele na kuchapwa kwa ngamia. Akaashiria kwa fimbo yake na kuwaamuru watulie, akiwafundisha kuwa wema haumo katika kukimbiza wanyama. Jabir (R.A.) ameeleza jinsi alivyovuta hatamu za ngamia wake Qaswa mpaka kichwa chake kikawa kinagusa tandiko. Na Usama bin Zayd (R.A.), aliyepanda nyuma yake, akaeleza kuwa alikwenda mwendo wa wastani, na alipopata nafasi akaongeza. Tazameni elimu iliyomo humo! Msongamano una mwendo wake na nafasi wazi ina mwendo wake. Ile ilikuwa ni ibada na watu walikuwa wanaharakia ibada, lakini hawakuruhusiwa kukanyagana. Sasa sisi tunakimbiza gari saa kumi na mbili jioni mwezi wa Ramadhani, tumbo tupu, jua machoni, tukisema tunawahi sunna ya kufuturu mapema. Tende tatu na chupa ya maji ndani ya gari zinatosha kuitimiza sunna hiyo pembeni ya barabara.

Mtume (S.A.W.) pia alifundisha, katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.), kuwa aliyepanda ndiye amsalimie anayetembea. Nimeifikiria sana hadithi hii tangu siku ile. Huwezi kumsalimia mtu ambaye hujamuona. Aliyepanda, mwenye nguvu, amepewa wajibu wa kumuona dhaifu kwanza. Kwa lori mimi ni dhaifu, lakini kwa mwenye baiskeli, kwa bodaboda, kwa mama anayetoka tarawehe na buibui jeusi barabara isiyo na taa, mimi ndiye mwenye nguvu. Mwanaume mwenye kanzu nyeupe anaonekana mbali. Mama yake na dada yake hawaonekani. Karibu na msikiti usiku, mguu utoke kwenye mafuta.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba barabara ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Huku kusini mambo yanabadilika haraka. Mikataba ya kujenga kwa lami kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi ilitiwa saini mwaka 2023, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tunashukuru. Lakini lami huondoa vumbi na kuleta mwendo, na aliyekuwa akienda kilomita 40 kwa saa atataka 100. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao gari linahitaji ili lisimame baada ya kukanyaga breki unaongezeka mara nne. Pesa za korosho zikitoka, vijana wengi hununua pikipiki na magari madogo, na wengine leseni inakuja baadaye, au haiji.

Nije kwenye jambo linalonitisha zaidi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, lilijadili ajali za barabarani. Likaamua kwamba kufuata sheria za barabarani zisizopingana na sharia ya Allah ni wajibu kisharia, na kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa katika hali maalumu kama nguvu isiyozuilika au kosa la aliyedhurika mwenyewe. Kwa hiyo kuendesha bila taa si suala la askari na faini tu. Ni dhambi.

Na akifa mtu? Rejeeni Suratun Nisaa, aya ya 92. Mwenye kuua muumini kwa kukosea ana mambo mawili: diya kwa jamaa wa marehemu, ila wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa muumini. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Familia inaweza kusamehe diya. Kafara ni haki ya Allah, na familia haina mamlaka ya kuisamehe. Mahakama ikimaliza, bima ikalipa, wazee wakapatana, ile kafara bado ipo. Ni madereva wangapi mnaowajua waliofunga?

Mimi namjua mmoja. Baada ya kuhutubia jambo hili katika msikiti mmoja pale Masasi, alinifuata mtu wa makamo, akasubiri watu waondoke. Akanieleza kuwa zamani, akiwa na gari ndogo, wakati kama ule wa magharibi, bila taa, alimgonga mtu wa baiskeli aliyekuwa anavuka. Wale jamaa walimsamehe, na mpaka leo wanaalikana harusi. Akaniuliza kama bado anadaiwa. Nikamwambia, kwa jinsi alivyonieleza, naona anadaiwa, lakini aende pia kwa wanazuoni wakubwa zaidi yangu awaeleze kila kitu bila kuficha lile la taa.

Alinyamaza kwa muda. "Miezi miwili, shehe? Bila kukatisha?"

"Bila kukatisha."

Akatoa simu, akafungua kalenda, akaanza kuhesabu siku ili isije ikaangukia Idi katikati.