Tamaa na Hiari

Watu wengi husema ya kwamba mtu atawaliwaye na tamaa ni dhaifu tu, na kama angetaka kweli kuacha angeacha. Wengine husema kinyume: mtu huyo hana kosa, ubongo wake ndio utakao. Nataka, msomaji wangu, tuyapime maneno haya mawili, na mizani yetu iwe mmea uujuao vema kama kwenu ni Malakisi, yaani tumbaku.

Katika mashamba ya Malakisi, upande wa Mlima Elgon karibu na mpaka wa Uganda, tumbaku imelimwa kwa miaka mingi. Nikotini iliyomo ndani yake haikutengenezwa kwa ajili ya binadamu. Mmea huifanya mizizini na kuipeleka majanini ili kujikinga na wadudu. Ni sumu kali, hata mchumaji ashikaye majani yaliyolowa umande huweza kupatwa na kizunguzungu na kutapika, kwa kuwa hupenya ngozi. Sasa, sumu ya wadudu yapataje kumtawala mtu?

Chembe za ubongo aghalabu hazigusani. Kati ya moja na nyingine pana ufa mwembamba, na habari huuvuka ufa huo kwa mjumbe wa kikemia. Otto Loewi alilithibitisha jambo hili mwaka 1921 kwa mioyo ya vyura, na mjumbe wake baadaye alitambuliwa kuwa asetilikolini. Mjumbe mwingine ni dopamini, ambayo Arvid Carlsson wa Sweden aliidhihirisha kazi yake mwishoni mwa miaka ya 1950, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Chembe zitoazo dopamini ni chache, nazo husikiliza wajumbe wengine: glutamati huzihimiza, gaba hushika hatamu zisikimbie, asetilikolini huziamsha kwa kiasi.

Nikotini hufanana na asetilikolini kama ufunguo wa bandia ufananavyo na ule wa mwenye nyumba. Mtu akivuta moshi, baada ya sekunde chache tu imefika ubongoni. Huifungua milango ya asetilikolini katika chembe za dopamini, huongeza himizo la glutamati, na milango iliyo upande wa gaba huchoka upesi, hatamu zikalegea. Hapo dopamini humwagika.

Lakini dopamini si raha yenyewe, kama wengi wadhanivyo. Kazi yake kubwa ni kumfundisha mtu cha kutafuta. Wolfram Schultz alipowachunguza kima waliopewa maji ya matunda, aliona chembe hizo zikichangamka kinywaji kilipokuja kwa ghafula. Kima walipokwisha kujua ishara itanguliayo kinywaji, chembe ziliitikia ishara, si kinywaji. Ndiyo sababu mvutaji wa miaka mingi huitamani sigara asikiapo kiberiti kikiwashwa, na huenda akiivuta asiione tamu. Atamani asichokipenda. Sijui utumwa ulio dhahiri kuliko huo.

Je, basi, hana hiari? Hapa nawapinga wote wawili. Asemaye “si mimi, ni ubongo wangu” asahau kwamba ubongo ule ule ndio ujutao, ndio uapao kuacha, ndio ukumbukao fedha za unga zilizogeuka moshi. Hana ubongo wa pili wa kuusingizia. Naye asemaye “angetaka angeacha” haijui milango ile: nikotini ikirudiwa kila siku milango huongezeka, na ikikosa hudai, mtu akawa na hasira na usingizi ukamruka. Hupita majuma kadhaa kabla ubongo haujatulia. Hiari ipo, lakini imesongwa. Kumtaka awe mwepesi kama asiyevuta ni kumtaka mchukuzi wa gunia akimbie sawa na mtu mikono mitupu.

Kwa hiyo lawama, kwa maoni yangu, sharti ihame. Uzito wake hauko sana kwenye sigara ya elfu, bali kwenye ile ya kwanza, na juu ya mkono ulioitoa. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, wala huo si ukali wa wazee: sehemu ya mbele ya ubongo, ipimayo na kuzuia, ndiyo ichelewayo kukomaa.

Limebaki swali gumu zaidi. Huenda karo yako imetoka katika jani hilo hilo. Je, baba yako naye ana lawama? Hamlazimishi mtu kuvuta, na watoto wake lazima wasome. Hata hivyo, ajuaye jani lifanyalo hana udhuru wa asiyejua. Simhukumu mtu mwenye shamba dogo asiye na hakika ya soko jingine. Wa kuulizwa kwanza ni wale wawezao kumpatia soko hilo. Na si jambo lisilowezekana, kwani huko Migori, tangu mwaka 2022, wapo wakulima waliosaidiwa kuiacha tumbaku na kuvuna maharagwe katika mashamba yale yale.