Je, Mvuvi Ana Kazi?

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu huku Mtwara, nilikuta sentensi hii: "Baba yangu hana kazi, ni mvuvi." Nilitia nukta-mkato mahali pa mkato, nikampa mwandishi alama nzuri, nikafunua daftari lililofuata. Leo naona kwamba nilisahihisha kosa dogo nikaliacha kubwa.

Neno kujiajiri limeenea mno. Vijana wahimizwa wajiajiri. Watu wazima walioachishwa kazi nao huambiwa vivyo hivyo. Sisi walimu wa lugha twalichambua kwa wepesi: ajiri, jamaa ya ujira, kitenzi tulichokipata kwa Waarabu, tena kiambishi -ji-, kinachomrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Mwajiri na mwajiriwa wakawa mtu mmoja. Lakini sarufi haisemi ujira huo watoka mfuko gani, wala haisemi kama mtu huyo alitaka au alisukumwa. Mvuvi wa pwani hii hakuwahi kujiita mwenye kujiajiri. Ili mtu alihitaji jina hilo, sharti kwanza awe amekwisha kukubali kwamba kazi ya kweli ni ile anayopewa na mwingine.

Tutazame ng'ambo ya Ruvuma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ambako Kiswahili husikika sana na ambako Wamwani husema lugha iliyo jamaa ya karibu ya lugha yetu. Mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi chini ya bahari ya huko. Kwa ajili ya mitambo ya kuisindika, zilitengwa hekta zipatazo 7,000 katika rasi ya Afungi, kusini ya mji wa Palma. Watu wa kijiji cha Quitupo, waliokuwa wakulima na wavuvi, walitakiwa wahame, na mwaka 2019 familia za kwanza ziliingia katika kijiji kipya cha Quitunda. Haitakuwa haki kusema kwamba hawakupewa kitu. Zilijengwa nyumba imara, fidia ikalipwa, na zilikuwako ahadi za mashamba, za mafunzo na za ajira. Lakini kijiji kile kiko mbali na ufuko waliouzoea, na mashamba ya kubadilishia yalikawia.

Kisha, tarehe 24 Machi 2021, mji wa Palma ulishambuliwa na waasi ambao vita vyao vilianzia Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017. Watu wengi waliuawa, maelfu wakakimbia. Mwezi Aprili kampuni ya Kifaransa iliyouongoza mradi ilitangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, na tangazo hilo halikuondolewa mpaka Novemba 2025. Fikiri basi hali ya mtu aliyeuacha ufuko kwa kutarajia mshahara: bahari i nyuma yake, mshahara haujafika mbele yake, na kila mwenye kalamu anamwambia ajiajiri.

Swali langu ni hili. Mtu aliyeondolewa katika kazi yake akilipwa thamani ya vyombo vyake, je, amelipwa kazi yake?

Naamini hakulipwa. Chombo huhesabika, nyavu, madema, mnazi na mkorosho huhesabika. Lakini mvuvi hujua ni mwamba upi wenye samaki wakati wa kusi na upi wakati wa kaskazi; hujua bamvua na maji mafu, na pahala pa kupita jahazi lisikwame. Elimu hiyo hakuisoma mahali akatunukiwa cheti, nayo haina manufaa ila mahali pale pale. Ukimhamisha mwenyewe, umeifuta, ingawa hujaugusa ubongo wake. Katika umri wa miaka hamsini huwa mwanafunzi tena, naye anaitwa mvivu asipofuzu upesi.

Watu watanipinga kwa mfano wa Wamakonde, na mfano wao una nguvu. Wao pia ni watu wa Cabo Delgado, wa uwanda wa Mueda ulioko bara. Wakati wa ukoloni wa Kireno wengi waliikimbia kazi ya shuruti na kodi, wakavuka Ruvuma kuja kukata mkonge Tanganyika; baadaye wengine waliuacha mkonge wakaishi kwa kuchonga mpingo Dar es Salaam. Samaki Likankoa, ambaye huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa mashetani katika miaka ya 1950, alikuwa mmoja wao. (Jina lake lingemfaa mvuvi, lakini hilo tuliache.) Hao walisukumwa, wala hakuna aliyewalipa fidia, na wakajitengenezea kazi ambayo ulimwengu mzima umeisifu. Kweli. Lakini mchongaji alivuka mto na tezo yake, na ujuzi wa mkono wake ukavuka pamoja naye. Mpingo aliukuta upande wa pili. Mvuvi wa Quitupo hawezi kuubeba mwamba begani. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu abadili kazi yatupasa kumwuliza ni lipi katika ujuzi wake litakalosafiri, na anayemhamisha ndiye mwenye deni la lile lisilosafiri. Sidhani kwamba deni hilo hulipwa kwa semina ya wiki mbili.

Tena wapo wanawake. Maji yakupwapo wakati wa bamvua, wao huenda kuokota kombe na chaza, wakapata kitoweo na fedha kidogo zisizopita mkononi mwa mume. Hawana chombo cha kuhesabiwa wala wavu. Huko Palma fidia yao ilizozaniwa kwa muda mrefu, kwa kuwa si rahisi kukipimia thamani kikapu na njia ya kwenda mwambani. Nina hakika wengi wao, wakiulizwa na mwandishi wa orodha, wangejibu wenyewe kwamba hawana kazi. Walijifunza wapi jibu hilo? Nalikumbuka daftari lile, nanyamaza.

Mwanafunzi wangu alikwisha kumaliza shule. Kama insha yake ingerudi mezani pangu, ningeiacha nukta-mkato mahali pake, nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: Baba yako aamkapo alfajiri, huenda wapi?