Hakuna Aliyeniuliza

Kunyamaza ni kusema uongo? Kanisani tumefundishwa tusishuhudie uongo, na wengi wetu tunadhani uongo ni neno linalotoka mdomoni. Mimi nauza bima za magari Mutindwa, Umoja, na kazi hii imenifundisha vingine.

Kijana mmoja wa Umoja One alikata bima kamili ya gari la kibinafsi. Mchana gari hilo, Vitz, lilimpeleka kazini. Usiku lilibeba abiria wanaoita teksi kwa simu. Lori likambana kwenye barabara ya Outering, ubavu wa kushoto ukakunjika kuanzia boneti hadi buti. Mkaguzi wa kampuni alikuta kishikio cha simu kimebandikwa kwenye dashibodi, akaomba rekodi za safari. Barua ya kukataa kulipa ikaja. "Mathe," akaniambia, "si hakuna mtu aliniuliza?"

Naamini kampuni ilikuwa na haki. Sheria ya bima humtaka anayekata bima aseme kila jambo zito analolijua, aulizwe asiulizwe: gari linafanya kazi gani, dereva ni nani, ajali zilizopita. Gari linalohangaika usiku kucha kati ya Kayole na mjini lina hatari yake na bei yake. Asiposema, pengo linazibwa na mteja mwingine, tuseme mwalimu wa Donholm aliyesema kweli na kulipa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinatofautisha ng'ombe aliyepiga mtu pembe kwa mara ya kwanza na yule ambaye mwenyewe alishaonywa juu yake. Pembe ni zile zile. Hukumu inakuwa nzito kwa sababu mwenyewe alijua.

Lakini kipimo hicho hicho lazima kipime kampuni, na hapa ndipo moyo wangu unapochemka. Kanuni hii ya kusema yote, iitwayo nia njema kabisa, inafuatiliwa hadi kesi ya Carter na Boehm, London, 1766. Ngome ya Waingereza huko Sumatra ilikatiwa bima, Wafaransa wakaiteka, na aliyetoa bima akagoma kulipa akisema alifichwa udhaifu wa ngome. Alishindwa. Jaji Mansfield alieleza kwamba nia njema inawabana wote wawili, na kwamba aliyetoa bima alipokea pesa akijua, au akiweza kujua, hali ilivyo. Jirani yangu Mwislamu wa Pumwani alinikumbusha habari ya Mtume aliyetia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Aliyekemewa ni muuzaji, kwani ndiye aliyejua kilicho chini ya rundo.

Kampuni inajua kilicho chini ya karatasi zake. Inajua masharti yaliyochapwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza cha mawakili: piga ripoti upesi, leseni iwe hai, usikiri kosa hapo barabarani. Hilo la mwisho linaniumiza. Mtu aliyelelewa vizuri akigonga mwenzake Jogoo Road hushuka mbio akasema, "Pole ndugu yangu, ni makosa yangu." Imani yake imemfundisha kuungama. Mkataba wake unamkataza, na aliyemuuzia hakumwambia.

Kwa hiyo mezani pangu masharti yanasomwa kwa Kiswahili kabla pesa haijatumwa kwa simu. Wengine hukereka, wana haraka, wanataka cheti tu. Nasoma.

Sasa nina faili la mama mmoja wa Kayole aliyeuziwa bima kwingine. Dai lake limekataliwa kwa kuchelewa kuripoti. Alikuwa amelazwa, na anasema hakuna aliyewahi kumtajia siku ya mwisho ya kuripoti. Nimemwandikia malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Nimeomba jambo moja kwanza: kampuni ionyeshe ni nani aliyemweleza sharti hilo, na lini.