Kutangulia Si Kufika

Methali hii husemwa sana na waliochelewa, wakijifariji. Nadhani inamhusu zaidi yule aliyetangulia kwa haki kabisa: aliyeokoka angali kijana, asiyekosa ibada, anayetegemewa na usharika mzima. Kila akigeuka anawaona wenzake kule nyuma, na roho yake inatulia. Kidogo kidogo hao ndio wanakuwa kipimo chake, na kule aendako anakusahau.

Tusikilize wasifu wa marehemu unavyosomwa msibani. Alibatizwa mwaka fulani, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akawa mzee wa kanisa. Ni mambo ya heshima, lakini mengi ni habari za kuanza safari. Ni mara chache tunasikia kwamba alipokuwa akiugua alimwita jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba wakapatana, au kwamba aliwaagiza wanawe walipe madeni yake kabla ya kugawana chochote. Kwangu mimi, hapo ndipo palipo na habari ya kufika.

Wala urefu wa safari si hoja. Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda, alibatizwa Novemba 1885, na tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto Namugongo. Kijana Kizito, aliyeuawa siku hiyohiyo, alikuwa amebatizwa na Lwanga siku chache tu kabla.

Lakini anayenisumbua zaidi ni Dema. Katika waraka kwa Filemoni, Paulo anamtaja pamoja na Luka na Marko kuwa watenda kazi wenzake. Ni nani kati yetu asingetamani kutajwa hivyo? Kisha tunafika 2 Timotheo 4. Paulo yumo kifungoni, anajua kifo kimekaribia, na anaandika kwa uchungu kwamba Dema ameipenda dunia, amemwacha na kwenda Thesalonike. Hatusomi kwamba aliiba wala kwamba alizini. Moyo ulihama, miguu ikaufuata.

Mstari unaofuata, Paulo anaomba aletewe Marko, kwa maana anamfaa katika huduma. Marko yuleyule! Ndiye aliyewaacha Paulo na Barnaba kule Pamfilia akarudi Yerusalemu, hata Paulo akakataa katakata kufuatana naye tena, akatengana na Barnaba kwa ajili hiyo. Barnaba hakubishana zaidi. Alimchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro. Bila safari ile, sioni jinsi jina la Marko lingerudi katika barua za Paulo.

Kwa hiyo sithubutu kufunga hesabu ya Dema. Barua ile iliandikwa akiwa hai bado, na Thesalonike palikuwa na kanisa ambalo Paulo mwenyewe alilianzisha. Huenda kulikuwa na ndugu huko ambaye angeweza kumgongea mlango.