Mtoto Anayeanguka Hajifanyi

Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikageuka kilio, na wengine wakakimbia ovyo kwa hofu wasiyoweza kuieleza. Kufikia katikati ya Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa, na shule ikafungwa. Watoto waliporudishwa makwao, hali hiyo ikazuka katika kijiji cha Nshamba, ikawakumba watu 217, wengi wao vijana na watoto wa shule. Palikuwa na uvumi kwamba hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki. Madaktari Rankin na Philip, waliochunguza tukio lile, hawakukuta sumu wala kijidudu. Hakuna aliyekufa. Na hakuna mwalimu aliyeshikwa.

Hilo la walimu tulitafakari sisi wazazi. Walimu waliishi palepale, wakivuta hewa ileile. Walioshikwa pale shuleni ni mabinti ambao kuamka, kula, kusoma na kunyamaza kwao kuliamuliwa na wengine, huku nyumbani wakisubiriwa walete matunda ya ada iliyolipwa kwa shida. Mpaka leo hali hii, iitwayo histeria, huzuka zaidi mahali pa namna hiyo: mabwenini, mitihani ikikaribia, miongoni mwa wasichana wenye mengi ya kusema na wasio na wa kumwambia.

Mwili una njia zake. Mtu akikaa na hofu muda mrefu, moyo humwenda mbio na pumzi huharakishwa. Akihema kupita kiasi, kemikali za damu huvurugika, vidole vikafa ganzi, mikono ikakakamaa, kichwa kikazunguka. Hofu ikizidi, miguu yaweza kukataa kumbeba ilhali mishipa yake ni mizima, au sauti ikapotea, au akaanguka na kutupatupa viungo. Daktari akipima haoni jeraha, lakini maumivu ni ya kweli na mtoto hakuyapanga. Ubongo uliolemewa umeshindwa kwa muda kuuongoza mwili kama kawaida.

Sisi huku tuna majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kwamba anajifanya, anakwepa mtihani. Basi atandikwe fimbo. La pili ni kwamba amepandisha mashetani. Basi afukizwe, ashikwe na watu wanne, asomewe kwa kelele mbele ya shule nzima. Fimbo humwongezea hofu aliyokuwa nayo. Umati nao humwambukiza aliyesimama kando, kwa sababu hali hii husambaa kwa kuona na kusikia. Simwambii mzazi aache kumwombea mwanawe. Namwambia amwombee kwa utulivu, na ampeleke hospitali.

Hospitali kwanza, kwa kuwa malaria kali, kifafa na upungufu wa sukari mwilini navyo humwangusha mtoto, na mzazi hawezi kuvitofautisha kwa macho. Akiwa chini, mlaze ubavu, waondoe watu, usimtie kitu chochote kinywani. Daktari akisema vipimo ni safi, usirudi nyumbani ukamwambia, “Kumbe huna lolote!” Neno hilo humfungia mlango aliokuwa ameanza kuufungua. Mwambie kwamba anaumwa kweli, kwamba hali hii inatibika, na kwamba ukitaka kujua kinachomsumbua si kwa ajili ya kumwadhibu.

Hapo ndipo malezi yetu yanapopimwa. Tumezoea kumsifu mtoto asiyejibu, asiyelalamika, anayemeza kila aambiwalo. Tunasema ana adabu. Adabu ni jambo jema, nami nisingependa tuipoteze. Lakini binti aliyefundishwa kwamba kusema ni utovu wa adabu atasemaje siku mjomba anapomshika pasipofaa? Atamwambia nani kwamba hesabu zimemshinda, wakati baba ameuza ng'ombe ili asome? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Katika jambo hili mara nyingi mfichaji ni sisi wakubwa, tunaoogopa jirani atasema nini, na mtoto ndiye anayeumbuka kwa kuanguka mbele ya wenzake.

Wajibu wa mzazi basi huanza kabla ya mwito wa matroni. Siku ya kutembelea bwenini, usianze na ripoti ya masomo. Uliza analalaje, anakula na nani, anamwogopa nani, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Akikutajia mtu, hata awe ndugu wa damu, mwamini kwanza, uchunguzi ufuate. Mwalimu wa ushauri nasaha naye apewe muda na faragha ya kufanya kazi yake, maana katika shule nyingi mzigo huo amebebeshwa juu ya vipindi vyake vyote vya darasani.

Na kama ndani ya nyumba yako hakuna ambaye mtoto anaweza kumwambia, mfundishe namba 116. Ni simu ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya, na kuipiga ni bure.